Muvi Imekwama: Namna ya Kuufunga Mradi Mlioupanga kwa Miaka na Kuokoa Kinachookoka

Filamu zinazopangwa kushutiwa Mtwara na Lindi hukwama kwa sababu ambazo mtu wa huku anazijua kabla hajaambiwa. Mdhamini aliahidi kutoa hela korosho zikiuzwa, mnada ukaja na bei isiyompendeza, na tangu hapo simu yake inaita tu. Mwigizaji mkuu kapata tamthilia Dar es Salaam yenye malipo ya uhakika. Mwenye nyumba ya kale Mikindani, ambayo nusu ya skripti imeandikwa kwa ajili yake, amefariki na warithi hawaelewani. Au njia imekatika: Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini upande wa Kilwa, magari yalikwama pande zote mbili, na mwenye ratiba ya kushuti wiki ile hakuwa na la kufanya.

Mwongozo huu ni wa prodyuza au mwongozaji aliyebaki na kundi la WhatsApp lenye watu thelathini, mavazi yaliyoshonwa, madeni, na skripti aliyoiandika upya mara nyingi. Msimamo wetu ni huu: kufunga mradi ni kazi ya uzalishaji kama kazi nyingine. Ina ratiba, ina bajeti, ina mtu anayewajibika. Anayeuacha mradi ujifie wenyewe kimyakimya hupoteza filamu, kisha hupoteza na watu ambao angefanya nao filamu inayofuata.

Kwanza hakikisha kama umekufa au umelala

Chukua karatasi moja ujibu maswali manne. Skripti ni mali ya nani? Fedha iliyopo mkononi leo, si ya ahadi, ni kiasi gani? Watu ambao hawana mbadala wamebaki wangapi? Na msimu ujao unaoruhusu kushuti ni lini? Ukikosa jibu zuri kwa swali moja, mradi umelala na unaweza kuamshwa. Ukikosa mawili, ufunge.

Swali la haki watu hulipita haraka kwa sababu skripti imeandikwa na rafiki. Hakimiliki ya Tanzania humwangukia mwandishi tangu anapoandika, na kuihamisha kunataka maandishi. Kama rafiki yako aliandika na hamkusaini kitu, skripti ni yake hata kama wazo lilikuwa lako, kwa sababu sheria inalinda kilichoandikwa na si wazo lililosimuliwa barazani. Vivyo hivyo wimbo uliotungwa kwa ajili ya filamu. Hata wakubwa hili limewabana. Mwongozaji Terry Gilliam alianza kushuti filamu yake ya Don Quixote nchini Hispania mwaka 2000, mafuriko na ugonjwa wa mwigizaji mkuu vikaisimamisha ndani ya siku chache, na haki za skripti zikaishia mikononi mwa kampuni ya bima. Filamu hiyo ilionyeshwa mwaka 2018. Kwa hiyo kabla ya kundi kutawanyika, wakati watu bado wanaongea vizuri, andikeni ukurasa mmoja unaosema nani anabaki na skripti, nani anabaki na muziki, na nani ana ruhusa ya kuvitumia tena. Wahusika wote wasaini, na mashahidi wawili.

Msimu ndio unaowaumbua wengi. Mvua za huku ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili, mara nyingi zikipumzika kidogo katikati, Januari kuelekea Februari. Usiliamini pumziko hilo. Unapata siku kadhaa za jua, unaanza sini kwenye vumbi, na unaimalizia kwenye tope. Juni hadi Septemba ni kukavu, lakini kusi linavuma, na ufukweni Msimbati au Shangani maiki isiyo na manyoya ya kuzuia upepo haitakupa mstari mmoja safi wa mazungumzo. Skripti yenye korosho zilizodondoka chini ya mikorosho ina nafasi finyu zaidi. Kuokota hushika kasi Oktoba hadi Desemba, na miezi hiyohiyo wanakijiji mliowategemea wajaze sini za umati wako shambani tangu alfajiri. Ukiikosa Novemba hii unasubiri Novemba ijayo, basi. Bahari nayo ina ratiba yake: sini ya watu wanaotembea juu ya mchanga uliokupwa Mikindani inataka bamvua, wakati maji hupwa mbali zaidi, linalokuja kila baada ya wiki mbili hivi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji hayakusubiri umalize kupanga taa.

Kwa mdhamini aliyenyamaza, andika barua fupi yenye tarehe: "Tunaomba uthibitisho wa maandishi ndani ya siku 14. Tusipoupata, tutaufunga mradi na kuwaarifu wahusika." Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Siku ya kumi na tano kimya ni jibu, na kazi ya kufunga inaanza.

Siku ya kuwaambia watu

Mtwara ni mji ambao habari ya saa nne asubuhi Chikongola imeshafika Ligula kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo wote waambiwe siku moja, kwa mpangilio. Wa kwanza ni waliokataa kazi nyingine kwa ajili yenu. Hao wapigie simu, usiwaandikie. Wanafuata waliotoa nyumba, gari au mtumbwi, kisha waliotoa fedha. Kundi la WhatsApp ni la mwisho, jioni ileile, kwa ujumbe wa namna hii:

"Habari zenu wote. Kushuti kulikopangwa kuanza tarehe 3 Juni hakutafanyika. Mdhamini amejitoa na fedha iliyobaki haitoshi hata siku tatu za kazi. Hakuna tarehe mpya. Kila aliyepata kazi nyingine aipokee kuanzia leo. Mnaotudai mtapigiwa simu mmoja mmoja kabla ya Ijumaa. Mavazi na vifaa vyetu vipelekwe kwa meneja wa uzalishaji, nyumba ileile ya kambi, Jumamosi saa tatu hadi saa sita. Asanteni kwa kazi mliyoifanya. Mimi ndiye wa kuulizwa."

Sentensi mbili hapo haziondoleki. "Hakuna tarehe mpya" inauma kuiandika, lakini ukiweka "tumesogeza kidogo", kijana wa taa atakataa harusi tatu akikusubiri, na hasara yake itakuwa juu yako. "Mimi ndiye wa kuulizwa" inazuia kila mtu kujitungia maelezo yake. Usitaje jina la mdhamini wala la mwigizaji aliyeondoka. Ukilitaja, mazungumzo yote yanahamia kwake, na mwakani unaweza kumhitaji.

Vijiweni utaulizwa kwa miezi: muvi imeishia wapi? Tayarisha jibu la sentensi moja na ulirudie vilevile kwa kila mtu: "Fedha haikutimia, tumeifunga, tumelipa tunaodaiwa kadiri tulivyoweza." Jibu linalobadilika kila siku ndilo linalozaa maneno.

Madeni

Fungua daftari lenye safu sita: jina, alichofanya au alichotoa, mlichokubaliana, alicholipwa, kilichobaki, na ushahidi uliopo, yaani mkataba, risiti au ujumbe wa muamala. Andika hadi boda aliyebeba jenereta kutoka sokoni. Ukimaliza, mpe mtu wa pili alipitie, kwa sababu mwenye mradi husahau madeni ya watu wapole.

Kosa la kawaida ni kumlipa kwanza anayepiga kelele. Tuseme mnadaiwa shilingi 4,200,000 na mkononi kuna 1,800,000. Madeni madogo, yasiyozidi 100,000 kila moja, yamalizeni yote siku hiyohiyo: mama lishe wa kambi, fundi cherehani, mwenye mkokoteni. Hao wameshaingiza mtaji wao na wiki ijayo wanautaka kununua unga na vitambaa. Kama hayo jumla yake ni 600,000, mnabaki na 1,200,000 dhidi ya deni la 3,600,000. Basi kila mdai mkubwa apate theluthi moja, kwa uwiano uleule. Anayedai 900,000 anapokea 300,000, na anaonyeshwa kwamba anayedai 1,500,000 amepokea 500,000. Kilichobaki kiandikwe kwenye karatasi yenye tarehe za awamu, na tarehe hizo ziwe zile mnazoweza kweli. Awamu ya 50,000 inayolipwa kwa siku yake ni bora kuliko ahadi ya 200,000 inayosogezwa mara mbili. Nyinyi wenye mradi mnajilipa mwisho, na mara nyingi hampati kitu.

Fedha za wachangiaji zina utata wake. Aliyesema "nawaunga mkono" na aliyesema "mtanirudishia" hawako sawa, ila mara nyingi hakuna kilichoandikwa. Pale penye shaka, hesabu kuwa ni mkopo. Mkopo wa VICOBA uliochukuliwa kwa jina la mtu mmoja wa timu ni wa haraka kuliko yote, kwa sababu marejesho hayasubiri na waliomdhamini ni majirani zake. Mwende naye kwenye kikao kabla hajakosa rejesho la kwanza, mwombe ratiba mpya mbele ya wanakikundi. Waliokopa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa au benki wafanye hivyohivyo. Mkopeshaji anayesikia habari kutoka kwako kabla ya tarehe huongea tofauti na anayeipata baada ya rejesho kupita.

Upande wa pili ni arabuni mlizotoa nyinyi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua kwamba jambo likiwa haliwezekani tena kutendeka mkataba hutenguka, na aliyekwishapokea faida anapaswa kuirudisha au kuifidia. Mtumbwi uliovunjwa na dhoruba unaingia humo. Lakini mdhamini wenu kujitoa hakuingii, kwa kuwa kukosa fedha si kushindikana kwa jambo lenyewe. Mwenye nyumba ya kambi aliyekataa wapangaji wengine kwa ajili yenu ana haki ya kukasirika. Kwake ombeni nusu, au ombeni arabuni igeuzwe kuwa siku za malazi baadaye, kwa maandishi. Mkienda wiki tatu kabla ya tarehe mna nafasi nzuri, maana anaweza bado kupangisha. Mkienda siku mbili kabla, msitegemee kitu.

Kuuza vifaa ili kulipa ni sawa, ila chagueni. Kamera inashuka thamani mapema, basi hiyo iuzwe kwanza kama lazima. Lenzi hukaa na bei yake kwa muda mrefu zaidi. Maiki na kinasa sauti msiviuze. Ni vya bei ndogo mkiviuza, na ndivyo vitakavyowarudisha kazini mapema, kama tutakavyoeleza.

Wazee, manyakanga, na sauti mlizorekodi

Hapa ndipo watu wa filamu hukosea zaidi, na hukosea kwa sababu hawakujua kwamba kuna jambo la kufunga. Utafiti wa filamu nyingi za huku unapita kwenye jando na unyago, sindimba, na ngoma ya vinyago ya Wamakonde iitwayo mapiko. Mlikaa na wazee, mkaruhusiwa kurekodi. Ruhusa ile ilitolewa kwa filamu ile. Filamu ikifa, ruhusa haikai nanyi ikisubiri matumizi mengine.

Rudini kwa miguu yenu, Newala, Tandahimba au kokote mlikokuwa, na yule aliyewapeleka mara ya kwanza. Simu haifai. Bebeni kilekile mlichobeba mara ya kwanza au kinacholingana nacho, sukari, kanga, chochote kinachokubalika pale. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, jambo lisemwe wazi: filamu haipo tena, na tuna sauti na picha zenu hizi hapa. Muwe nazo kwenye simu au kompyuta mpakato, muwachezee. Kisha ulizeni moja moja: hii tuihifadhi, tuirudishe kwenu, au tuifute? Majibu yaandikwe palepale, yasomwe kwa sauti, na mzee atie saini au dole gumba.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwa makini sana. Nyimbo za unyago nyingine si za kusikilizwa na wanaume wala na asiyechezwa, kwa hiyo faili haziwezi kukaa kwenye diski ya mhariri yeyote tu. Zitenge kwenye diski ya mwanamke aliyekubaliwa na nyakanga, yaani mwanamke anayeongoza unyago, au zifutwe. Na kwenye mapiko, aliyevaa lipiko, kinyago cha ngoma hiyo, hatakiwi kujulikana kuwa ni fulani. Ndio msingi wenyewe wa ngoma. Kama kameramani wenu alirekodi mchezaji akivalishwa nyuma ya uwanja, klipu hiyo inamfichua. Itafuteni hiyo kwanza. Mara nyingi haina jina la maana, imejificha kati ya klipu za majaribio ya mwanga. Mwonyesheni mkuu wa ngoma, kisha fanyeni atakavyosema. Kama mlikodi vinyago, virudisheni vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa, si mikononi barabarani mchana.

Kuhifadhi picha, sauti na vifaa

Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inatumia gigabaiti 45 kwa saa. Mkiwa na saa kumi na moja za majaribio, usaili na picha za maeneo, hiyo ni kama gigabaiti 495. Diski mbili za nje za terabaiti moja zinatosha, na nakala ya tatu ya vitu muhimu ikae nje ya mkoa, kwa ndugu Dar au Masasi kwa walio Lindi. Nakili kutoka memori kadi kwenda diski zote mbili, tumia programu inayolinganisha faili moja moja, kisha fungua klipu ya mwisho ya kila folda uitazame hadi mwisho. Klipu ya mwisho ndiyo inayokatika waya ukichomolewa mapema. Memori kadi zisifutwe kabla ya hapo, hata kama kuna harusi kesho.

Kila diski iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika: jina la mradi, tarehe, mwenye haki. Folda ya karatasi, yaani mikataba, ridhaa, kibali na daftari la madeni, ipigwe picha iingie humo pia. Diski iwashwe kila baada ya miezi sita hivi. Diski iliyolala miaka kwenye kabati la pwani hugoma siku unayoihitaji.

Hewa ya bahari ndiyo adui wa lenzi. Unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, fangasi huota ndani ya kioo kama utando wa buibui, na ukishaingia kati ya vioo fundi wa kuutoa ni adimu. Weka lenzi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ya kubadilika rangi ikishashiba ikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, irudi kazini. Mchele hausaidii. Unanyonya kidogo tu na unaacha vumbi. Usihifadhi lenzi ndani ya begi lake la kitambaa, maana begi lenyewe hushika unyevu. Betri zitolewe kwenye kamera, zibaki na chaji kama nusu. Zikiachwa tupu kwa miezi hufa, zikiachwa zimejaa huchoka mapema. Mavazi yafuliwe kwanza ndipo yakunjwe, kwa sababu jasho likikaa hutoa madoa ya njano yasiyotoka.

Mwili na kichwa

Mtu aliyebeba filamu kwa miaka minne ana huzuni halali. Tunalisema kwa sababu wengi huku huambiwa "si muvi tu?" na wanajilazimisha kucheka. Aibu ya kukutana na watu inawafungia ndani, na usiku ndio mbaya zaidi.

Kinachosaidia ni vitu vidogo vyenye saa. Amka muda uleule. Toka nje kabla jua halijawa kali. Kwa wiki za mwanzo jipangie kazi moja ya kufunga kwa siku, si tatu. Zile tarehe zilizokuwa za kushuti zitawauma kuliko siku ya kutangaza, basi zijazeni mapema: chukueni kazi ya kurekodi sherehe, ikiwezekana nje ya mji, au nendeni shamba kwa ndugu. Kukaa nyumbani unaangalia ratiba ya zamani ukutani hakufai, ibandue. Mabibo yaliyochachishwa na pombe nyingine zitakupa saa mbili za usahaulifu na kuharibu usingizi wa usiku mzima, na usingizi ndio dawa unayoihitaji.

Timu nayo ilishwe. Chakula kimoja, ugali wa muhogo na samaki nyumbani kwa mmoja wenu, baada ya kurudisha mavazi ile Jumamosi. Hakuna hotuba. Kila mtu apewe barua au cheti kinachosema alifanya nini kwenye maandalizi. Msaidizi wa mavazi wa miaka ishirini atakitumia kutafuta kazi inayofuata.

Lakini kama wiki mbili zimepita na mtu halali usingizi, hali chakula, hataki kuonana na yeyote, au anasema afadhali asingekuwepo, hiyo si huzuni ya kusubiri iishe. Aende hospitali, na mtu amsindikize: Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, Ndanda kwa walio upande wa Masasi. Anayezungumza kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Akamwone daktari siku hiyohiyo.

Na skripti isiguswe kwa siku 30. Usiichome, usiiuze, usiiandike upya. Maamuzi ya wiki ya kwanza hufanywa na hasira.

Baada ya mwezi: kuivunja hadithi

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Skripti ya kurasa 96 inataka siku 20 na zaidi za kushuti, na ndiyo iliyowashinda. Sasa soma yote kwa mkao mmoja ukitafuta sini moja ambayo mtu asiyejua hadithi angeielewa na ingemgusa. Iwe na watu wawili au watatu, sehemu moja, mchana, bila gari na bila msimu maalumu. Mara nyingi haiko mwanzoni wala mwishoni. Iko katikati, ni ugomvi au siri kati ya ndugu wawili. Ijengee filamu fupi ya kurasa nane hadi kumi. Kurasa tatu au nne kwa siku ni mwendo wa kawaida kwa timu ndogo, hivyo ni siku tatu. Juni jua la Mtwara linazama saa 12 jioni na dakika chache, Desemba karibu saa 12 na nusu, na panga picha ya mwisho ianze kabla ya saa 11.

Kosa linalorudiwa ni kuisongomeza hadithi nzima ndani ya dakika kumi, kila mhusika apate sentensi yake. Inatoka kitu kama tangazo la filamu isiyokuwepo, na watazamaji wanauliza "itaendelea lini?" Wahusika wanne wa skripti ya zamani hawaingii. Waambie waigizaji wao mapema.

Njia ya pili, na kwetu ndiyo bora kama hamna fedha kabisa, ni mchezo wa redio. Sini za bahari, umati, barabara iliyokatika, vyote ambavyo vingewagharimu mamilioni, vinakuwa sauti. Chumba kimoja chenye magodoro yaliyosimamishwa kuzunguka kuta na kitenge kizito juu ya dirisha kinatosha. Maiki iwe sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi "p" na "b" zisilipue. Feni izimwe, friji ichomolewe. Joto likizidi, rekodini usiku mtaa ukishatulia, na msirekodi chini ya bati msimu wa mvua, kwa sababu hakuna programu itakayoitoa ile sauti. Vipindi vya dakika 12 vinatosha, na kurasa 96 zinatoa vinane bila kunyoosha. Redio za mkoani huhitaji vipindi vya Kiswahili vyenye maudhui ya huku. Peleka vipindi viwili vilivyokamilika, usipeleke wazo.

Ukiamua filamu fupi, omba kibali kipya Bodi ya Filamu kwa jina na skripti ya filamu hiyo. Kile cha zamani kilitolewa kwa kazi nyingine. Pitia kwa afisa utamaduni wa halmashauri na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji mtakaposhuti. Barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe, idadi ya watu na namba ya mhusika inatosha. Magofu ya Kilwa Kisiwani yana wasimamizi wake na masharti yake, na droni inataka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hata kama ni ya dakika mbili. Waigizaji mnaotaka kutumia klipu zao za zamani wasaini ridhaa mpya inayoitaja filamu hii. Ikikamilika, ipelekwe Bodi ikakaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuionyesha hadharani, na hilo ni pamoja na kibanda cha video cha mtaani kwenu.